Barabara za juu Ubungo na mwendokasi
Je, barabara za juu za Ubungo na mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) vilijengwa kwa mkopo mmoja? Ndiyo, ni mkopo mmoja. Barabara za juu za Ubungo, zinazoitwa Kijazi, ziliwekwa pamoja na mwendokasi wa Gongo la Mboto kwenye mradi wa usafiri wa Dar uliopitishwa na Benki ya Dunia 2017. Sababu iko wazi kwa aliyewahi kukwama pale: barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma zinakutana, na mabasi ya mwendokasi ya Kimara yalikuwa yakisubiri taa kama daladala tu. Ukijenga njia ya mabasi ukayaacha makutano, umejenga nusu. Ila msichanganye na barabara ya juu ya Mfugale pale Tazara, ile ni msaada wa Japani. Mwendokasi wa Mbagala nao ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.