Viota vya Tonle Sap ni vya maji yanayoshuka

Kaka, umeuliza kama ndege wakubwa wa Tonle Sap hujenga viota mafuriko yakiwa kileleni: hapana, hawajengi wakati huo. Kwenye Prek Toal, msitu unaofurika wa ziwa Tonle Sap kule Kambodia, mwari na korongo wakubwa huanza viota kama Desemba au Januari, maji yakishaanza kurudi kuelekea mto Mekong. Sababu ni chakula. Maji yakipungua, samaki waliotawanyika msituni hubanwa kwenye vidimbwi, na makinda wa ndege hawa wanakula kwelikweli.

Mimi nimekulia Mbarali, Mbeya, jambo hili naliona huku kwenye bonde la Usangu: kiangazi kikikaza, kambale wanagaragara kwenye tope la kufika kifundoni, na korongo mfukoshingo wamesimama bega kwa bega wakidonoa. Yule korongo mkubwa wa Prek Toal mwenye mfuko shingoni ni ndugu yake wa karibu kabisa.

Tarehe tu usizishike sana, maana zinafuata maji ya mwaka husika. Zamani mayai na makinda yalichukuliwa ovyo hadi inauma; baadhi ya waliokuwa wakiyachukua ndio walioajiriwa baadaye kulinda viota, wakihesabu ndege kutoka majukwaa ya juu mitini.