Baridi ya Dodoma na LUKU: usinunue hita ya chumba

Mkuu, umesema umehamia Nzuguni kutoka Dar, watoto wanalala wamejikunja, umeme wa Julai umepanda kwa sababu ya shawa ya moto, na sasa unafikiria kuongeza hita ya chumbani. Nimekaa Dodoma miaka mingi na nakwambia usinunue. Hiyo hela ipeleke kwenye milango, madirisha na maji ya kuoga.

Piga hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 10. Kwa mwezi ni uniti 300, zaidi ya laki moja ukiweka na kodi. Kama uko kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, siku ya nane umeshalivuka na bei ya kila uniti inapanda sana. Na joto lenyewe linatorokea chini ya mlango.

Baridi yetu si ya Njombe. Huku mchana jua linawaka, anga haina wingu, kuta zinapata moto. Usiku ndiyo inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na kinachotesa zaidi ni upepo. Wazee wetu wa Kigogo walilijua hili: tembe, nyumba yao ya asili, ni fupi, kuta nene za udongo, paa la udongo mzito, matundu madogo. Joto la mchana linabaki ndani usiku. Sisi tumeezeka bati na kuweka madirisha mapana, kwa hiyo inabidi tuzibe kwa mikono. Kama huna siling'i bodi, anzia hapo, hata kama ni chumba cha watoto peke yake. Ziba chini ya milango kwa mpira au nguo iliyokunjwa. Vioo vya luva havifungi vizuri hata vikiwa vipya. Weka pazia zito linalofika chini ya dirisha. Mchana fungua mapazia jua liingie, ikifika saa kumi na moja jioni funga kila kitu.

Maji ndipo umeme wako unapoishia. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika kumi inakula karibu uniti 0.9. Watu watano wakioga asubuhi na jioni, hizo ni uniti 9 kwa siku! Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 20 hadi 40, inahitaji karibu nusu uniti tu. Kwetu watoto wanaoga saa kumi jioni, maji ya tenki jeusi lililoshinda juani yakiwa bado vuguvugu, na hita haiwashwi kabisa. Hii peke yake ilipunguza umeme kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Halafu maji ya hapa yana chumvi. Angalia ndani ya birika lako, utaona ukoko mweupe. Ukoko huo ukishika kwenye koili, yaani chuma kinachopasha maji, joto linachelewa kufika kwenye maji na koili inaungua mapema. Birika lisafishe kwa siki au ndimu; shawa mwite fundi aifungue. Akija, mwambie akague na waya: hita hiyo inavuta ampea 24, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, si chini ya milimita 4 za mraba, na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya uhakika.

Ukiwa na uwezo, hita ya maji ya sola inafaa sana mji huu. Ielekezwe kaskazini, maana Juni na Julai jua letu linapita upande huo. Mafundi wengine wanafuata tu mteremko wa paa, usiwakubalie.

Jambo moja nakuomba kama ndugu: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata mkaa ukiwa umeiva na hautoi moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, mtu anapitiliza usingizini. Kwa kuwa nimekwambia uzibe matundu, hatari hiyo inakuwa kubwa zaidi nyumbani kwako. Mkaa upikie nje, na wenye jiko la gesi ndani waache dirisha la jikoni wazi wakati wa kupika.

Niambie madirisha yako ni ya luva au ya aluminiamu ya kuteleza. Ya aluminiamu yana brashi pembeni ambazo zikiisha upepo unapita. Fundi anabadilisha bila kung'oa fremu.