Maswali yenu: maiki, volti 48 na adapta za ovyo

*Nikiwasha fantomu (zile volti 48 ambazo miksa hupeleka kwenye maiki kupitia waya wa sauti) huku nimechomeka maiki ya dainamiki, isiyohitaji umeme, itaungua?*

Haiungui, mradi waya wa XLR, ule wa pini tatu, ni mzima. Swali hili mmeliuliza mpaka basi. Wa kuogopa ni mwenye maiki ya utepe (inayonasa sauti kwa utepe mwembamba wa chuma) anayechomeka na kuchomoa kwenye paneli ya jeki, ule ubao wa matundu ya kuunganishia nyaya, fantomu ikiwa imewashwa.

*Maiki ya elektreti ina chaji yake ya kudumu. Mbona bado inadai betri?*

Afadhali wewe umefikiri. Chaji iliyofungiwa ndani ya elektreti, kazi ya Sessler na West katika maabara za Bell mwaka 1962, inaifaa kapsuli, yaani kile kipande kinachonasa sauti, peke yake: maiki ya kondensa ya kawaida, isiyo na chaji yake, lazima ipelekewe volti za kapsuli, elektreti haihitaji. Lakini kinachotoka kwenye kapsuli yoyote kati ya hizo ni hafifu mno, mita chache tu za waya zinakimeza. Ndiyo maana ubavuni mwake huwekwa transista ndogo aina ya FET ya kukipa nguvu, na mla betri ni huyo. Muuzaji akikwambia elektreti haitumii umeme, muulize transista inakula nini.

*Kwa nini 48 na si 50?*

Mwaka 1966 Neumann iliwatengenezea watangazaji wa Norwei maiki za transista, na studio zao tayari zilikuwa na volti 48 za taa za dharura. Basi. Maiki nyingi huridhika na chini ya hapo.

*Nikipima bila maiki napata 48, nikichomeka zinashuka hadi 40. Miksa imekufa?*

Miksa yako nzima. Umeme hupita kwenye rezista mbili za kiloohmu 6.8, moja pini ya 2, nyingine ya 3. Maiki ikivuta miliampea 2.5, volti 8.5 zinabaki humo. Na pima kati ya pini ya 1 na ya 2. Wanaopima ya 2 na ya 3 hupata sifuri, kisha wananiandikia kwa hasira.

*Nina maiki ya kola ya kinasa kidogo. Nitumie adapta ya kawaida kwenda XLR?*

Usithubutu! Adapta ya waya tu, isiyo na saketi ndani, inaimwagia kapsuli volti zaidi ya 40, na maiki nyingi za kola mwisho wake ni 10. Tafuta yenye saketi ya kushusha volti, na usiamini maandishi ya kwenye boksi: washa fantomu, weka multimita kwenye jeki kabla ya kuchomeka maiki. Ukikuta 48, irudishe ulikoinunua.