Kabla hamjampigia makofi mfadhili

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, simu yangu haipoi. Wanaopiga wengi ni vijana niliofanya nao kazi kwenye miradi ya afya na lishe huku Mtwara na Lindi. Mikataba imekatwa katikati ya mwezi, pikipiki za mradi zimerudishwa, wahudumu wa jamii wameambiwa wasubiri barua ambayo haikuja. USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi Julai mwaka huohuo. Vijana wanauliza wataishije, na hapo sina jibu la maana zaidi ya kuwaambia korosho na ufuta bado vipo. Wenyeviti wa vijiji wanauliza jingine: akitokea mfadhili mwingine, tumpokeeje? Hilo naweza kulijibu, maana ndilo lililonizeesha.

Nimekuwa mwezeshaji wa miradi tangu nywele zikiwa nyeusi. Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, kote nimelala nyumbani kwa watendaji na kula ugali wao wa muhogo. Wengine huniita Mama Mradi, na mpaka leo sijui kama ni heshima au utani. Ushauri wangu ni huu: mradi ambao haujaletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ukajadiliwa, wenye kuupinga wakasikilizwa, kisha ukaandikwa kwenye muhtasari wenu kwa mkono wa mtendaji wenu, msiupokee. Hata ukija na magari matatu na kofia za bure.

Sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuwa wagumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa wanakula mafuta ya mgao, serikali yao ikaamua karanga za Tanganyika ndiyo dawa. Wataalamu walizunguka nchi kwa wiki tisa mwaka 1946, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, takribani pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Utasema ule haukuwa msaada, ilikuwa biashara ya tumbo la Mwingereza. Kweli. Lakini ulisifiwa kwa maneno yaleyale ninayoyasikia kwenye semina: maendeleo, tija, kilimo cha kisasa. Mkulima aliyekuwa akipanda karanga zake kwa jembe la mkono na kuzijua mvua za kwao hakuwamo kwenye hizo wiki tisa. Bandari ndiyo iliyobaki, na leo inapakia korosho zetu.

Nikupe mfano mdogo zaidi, wa maji. Anayeijua Newala anajua kwamba uwanda wa Makonde hauna mto juu. Maji yako chini kabisa bondeni, na mama akishuka alfajiri anapanda na ndoo jua likiwa limeshachoma. Wafini, wafadhili kutoka Finland, walianza kuhangaika na maji ya mikoa hii miwili tangu miaka ya 1970, na bado kazi haijaisha. Kijiji kimoja, sitakitaja, kilipata pampu ya umeme wa jua. Ngoma zilipigwa, utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa mpaka watoto wakalala. Ndoo ilikuwa shilingi hamsini, bei iliyotajwa palepale na mgeni kwa sababu ilimwonea huruma kila mtu. Masika ya pili inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa jua uendeshe pampu, ikaungua. Fundi aliyeitwa kutoka Masasi akaomba kitu kimoja tu, kitabu cha mashine. Kitabu kiko wapi? Kiko Dar es Salaam, kwa Kiingereza, kwenye ofisi ya shirika ambalo lilishafunga mkoba. Hati ya makabidhiano je? Mwenyekiti alisaini, nakala akaondoka nayo mgeni. Wakarudi kushuka bondeni. Bango la chuma la mradi, lenye nembo za wafadhili wanne, nililiona baadaye limeezekwa banda la mbuzi, na kwa kweli lilikuwa bati zuri.

Kijiji cha jirani kilikuwa na mweka hazina wa namna yake, mama wa makamo, muuza mandazi, mwenye kaunta buku lililofunikwa gazeti na plastiki juu yake. Siku mgeni alipomaliza kueleza, yeye alisimama akauliza: "Samahani baba, hii pampu ikifa inauzwa duka gani, na ni shilingi ngapi?" Mgeni akasema tutashirikiana kulitafutia ufumbuzi. Mama akasema haya, basi tutaendelea na mkutano ukishalipata hilo duka. Watu walicheka, mwenyekiti akakasirika, mimi nikatazama chini kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa na upande wa mgeni. Lakini mgeni alirudi na bei iliyoandikwa, maelezo ya mashine kwa Kiswahili, na jina la duka. Kutokana na hiyo bei ndipo wakapiga hesabu ya ndoo: vifaa vinahitaji kiasi gani kwa mwaka, kaya ni ngapi, ndoo ngapi kwa siku. Ikatoka juu ya hamsini. Wazee walinung'unika, wakalipa. Siku hizi maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, na kila mradi una chombo chake cha watumia maji. Ni hatua nzuri. Hata hivyo chombo kisichosoma daftari lake mbele ya watu kitaishia kulekule kwenye banda la mbuzi.

Kumbuka pia kwamba sheria iko upande wenu. Mkutano mkuu unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Tatizo ni kwamba tumeuua sisi wenyewe, na silaha ilikuwa posho. Mradi mmoja ulilipa watu kukaa kwenye kikao, wa pili ukaongeza soda, na sasa ukiita mkutano wa kujadili kisima chao wenyewe wanauliza kuna bahasha? Mkiweza, kubalianeni kijijini kwamba kikao cha mambo yenu hakina posho, awe amekiitisha nani.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa miradi hawapendi kuliandika kwenye ripoti. Orodha za misaada hufufua ubaguzi wa zamani. Nimeshuhudia majina ya kaya maskini yakisomwa mkutanoni, likafikiwa la bibi aliyevuka Ruvuma akiwa binti, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Alizaa hapa, akazika mume hapa. Sauti ikatoka nyuma: "Huyo akale kwao." Hakuna aliyekemea. Neno Mmawia, yaani Mmakonde wa asili ya Msumbiji, bado linatamkwa kama tusi, na Masasi, mji ambao wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliwaleta watumwa walioachiwa huru mwaka 1876, nimesikia mtu akihesabiwa ukoo kwa minong'ono pale ilipogawiwa mbegu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya utaratibu tu. Mwenyekiti asianze na majina. Aanze na vigezo: nani hana shamba, nani analea wajukuu peke yake, nani hawezi kulima kwa ugonjwa. Vikubalike, viandikwe, visomwe tena kwa sauti. Baada ya hapo ndipo majina yaletwe, na anayepinga jina ataje kigezo ambacho halikutimiza. Yule wa nyuma hukosa la kusema.

Kuhusu ardhi nitasema kwa kifupi. Kilwa kampuni ya Kiholanzi ilipewa maelfu ya hekta za vijiji ilime mbono wa mafuta ya mitambo, ikafilisika, na vijiji vikabaki vinauliza ardhi ni ya nani. Kilwa hiyohiyo, Kikole na Kisangi walitenga misitu yao ya mpingo kama misitu ya vijiji, mwaka 2009 wakapata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, wakaanza kuuza magogo wao wenyewe na mapato kuingia kijijini. Nao walisaidiwa na wafadhili, tena sana. Tofauti ni nani aliyebaki na hati.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi zaidi, deni la ukoloni.

Kila nikienda Lindi kuna mtu atanitajia mjusi, yule dinosaria wa kale. Mifupa ile ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, tani zipatazo 230, ikabebwa na watu wetu mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Leo mnyama amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Vitabu vimewasifu wakuu wa msafara, lakini msimamizi aliyejua kuchimba, Boheti bin Amrani, ukimtaja hapa Mtwara watu wanakutazama tu. Tukumbuke uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Maji Maji kuzimwa. Vita ilianza Nandete, milima ya Matumbi, Julai 1905, watu wakikataa kulimishwa pamba kwa nguvu, na Wajerumani wakachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua kuliko risasi. Waliobeba mifupa walikuwa wametoka kwenye njaa hiyo.

Nasikia vijana wakisema, na baadhi ya wakubwa pia: basi Wajerumani watujengee barabara na zahanati, yaishe. Zahanati ichukueni, wajawazito wanaihitaji. Lakini kwenye muhtasari andikeni kwamba huo ni mradi na wala si malipo. Angalieni Namibia. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kuwa ilifanya mauaji ya kimbari dhidi ya Waherero na Wanama, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, zikiwa fedha za miradi ya maendeleo na bila kuitwa fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Mimi naona walikuwa sahihi. Deni likilipwa kwa njia ya mradi, mdaiwa ndiye anayechagua kisima kikae wapi, anayekagua, na anayeweza kusimamisha fedha akikasirika.

Kenya walienda njia nyingine. Wazee wa Mau Mau waliishtaki Uingereza mahakamani London, na mwaka 2013 serikali ile ikalipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Walikuwa na vitu viwili: wazee walio hai waliosimama kueleza mateso yao, na majalada ya kikoloni ambayo yalikuwa yamefichwa yakaja kuibuliwa. Sisi wa Maji Maji hatuna aliye hai wa 1905. Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea, tarehe 1 Novemba 2023, na neno hilo lina uzito wake, ila mezani tutakaa na nini? Tutakaa na makaburi, majina ya mahali, na simulizi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja kukusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa wadogo wakati wa vita. Wale wazee wamekwisha. Wamebaki wajukuu waliosimuliwa.

Kwa hiyo kijana uliyeachishwa kazi ya mradi, mwenye simu nzuri na muda, kazi ipo, ingawa mshahara hauna. Mkae chini na bibi na babu, mrekodi. Anza na jina la anayesimulia, kijiji, tarehe, na alisikia kwa nani. Mwache amalize, usimsahihishe kwa ulichosoma shuleni. Akitaja kaburi au shimo walilojificha, nenda ulione, upige picha pamoja naye. Nakala moja ibaki kwake, nyingine ofisi ya kijiji. Mgeni akitaka kuichukua, ile ya ofisini isitoke, apewe nakala.

Mtaniuliza: Mama Mradi, tukimbana hivyo mfadhili si atatukimbia? Wengine wanakimbia. Nimemwona mmoja akihamishia mradi wake wa ufuta kijiji cha pili kwa sababu cha kwanza kilitaka kuuona mkataba wa mnunuzi kwanza. Kile cha pili kilifurahi msimu mmoja. Wenye nia huwa wanarudi, kama yule wa pampu, tena wakija na mtu anayejibu maswali.

Na muhtasari ukishasainiwa, pigeni picha kila ukurasa kwa simu za watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Watendaji huhamishwa, ofisi huvuja masika, na mchwa wa kusini hawachagui karatasi.