Gesi ya mkaa kifuani

Mwanangu Zuhura,

Wa aleikum salaam. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwalimu wenu wa uuguzi amewaambia kuna kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kinachoulinda moyo uliopandikizwa, tena kwa kutoa kaboni monoksidi. Nawe unaniuliza: "Baba, si ndiyo gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani?" Ndiyo yenyewe, na mwalimu wenu hajakosea.

Kimeng'enya hicho huitwa hemu oksijenesi-1. Kazi yake ni kuivunja hemu, ile sehemu yenye chuma ya himoglobini (protini inayobeba oksijeni katika damu) inayoipa damu wekundu. Hemu ikivunjwa hutoka vitu vitatu: chuma, bilivedini ya kijani, na kaboni monoksidi kidogo. Bilivedini hugeuzwa tena ikawa bilirubini ya manjano. Umeshaona damu iliyovilia chini ya ngozi inavyobadilika rangi, ikawa kijani kisha manjano. Basi hapo umekiona kikifanya kazi. Kwa hiyo gesi hiyo mimi na wewe tunaitengeneza hata sasa hivi, bila jiko. Ya chumbani huua kwa sababu ni nyingi: hung'ang'ania himoglobini hadi oksijeni ikakosa pa kukaa. Ya mwilini haifikii hata karibu na hapo.

Sasa tuje kwenye moyo. Kinga ya mwili ikiugundua moyo wa mtu mwingine, huanza kuushambulia kwenye utando wa ndani wa mishipa yake ya damu. Seli za utando zikifa, damu huganda na misuli ya moyo hukosa chakula. Hapo ndipo gesi ile kidogo inapofaa: hulegeza mishipa, huzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisikusanyike, na huzipa seli za utando uwezo wa kustahimili zisife. Bilirubini nayo hutuliza ukali wa kemikali zinazounguza seli. Chuma kikiachwa huru ni hatari, kwa hiyo mwili hukifungia ndani ya protini iitwayo feritini.

Nilikuwa na shaka na habari hizi mpaka niliposoma jaribio la watafiti Miguel Soares, Fritz Bach na wenzao, lililotoka mwaka 1998. Walichukua mioyo ya panya wadogo wakaipandikiza kwa panya wakubwa, yaani jamii nyingine kabisa. Waliopokea walipewa siklosporini, dawa ya kudhoofisha kinga, pamoja na kitu kitokacho kwenye sumu ya swila, kinachomaliza kwa muda protini fulani za kinga katika damu. Mioyo ikaishi muda mrefu. Wakarudia yaleyale, dawa zilezile, ila safari hii mioyo ilitoka kwa panya wasio na jeni ya kimeng'enya hiki. Ikakataliwa ndani ya siku 3 hadi 7. Mwaka 2001 kundi lao likakizuia kimeng'enya kwa kemikali, mioyo ikakataliwa vilevile. Lakini panya walipovutishwa kaboni monoksidi kwa kipimo, mioyo ikapona ingawa kimeng'enya kilikuwa kimezuiwa.

Kwangu uzito uko hapo. Dawa tulizozoea humshika anayeshambulia. Siklosporini na takrolimasi huzuia kimeng'enya kingine, kalsinurini, ndani ya seli T, ambazo ni askari wa kinga, na kinga yote ya mtu hudhoofika. Louis Washkansky, aliyepandikizwa moyo na Christiaan Barnard mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, aliishi siku 18 akafa kwa nimonia, kinga yake ikiwa imedhoofishwa na dawa za wakati ule. Panya wa Soares wanaonyesha kwamba moyo wenyewe nao una la kufanya katika kujihami.

Lakini usiende wodini ukasema dawa zimepitwa na wakati. Mgonjwa aliyepandikizwa kiungo anameza vidonge vyake kila siku, akiacha atakipoteza. Na mtu akikuuzia gesi ya tiba, mkimbie.

Kwa binadamu, kimeng'enya hiki kimeshajaribiwa kwa njia ya mzunguko. Januari 2022, huko Maryland, Marekani, David Bennett aliwekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni 10. Nne za nguruwe zilizimwa, sita za binadamu ziliongezwa, na mojawapo ya hizo sita ni ya hemu oksijenesi-1. (Najua shangazi yako atauliza habari ya nguruwe. Mmoja wa viongozi wa kazi ile ni Muhammad Mohiuddin, mzaliwa wa Pakistan. Mengine awaulize masheikh, mimi nilikuwa mtu wa maabara.) Bennett aliishi miezi miwili hivi. Kwa kuwa jeni zote 10 zilibadilishwa kwa pamoja, huwezi kuichomoa moja ukasema hii ndiyo iliyomfikisha pale. Muulize mwalimu wenu angeipimaje peke yake, kisha uniandikie alichojibu.

Baba yako