Kutua kwa macho kwenye jeti: kwa nini najikuta juu kila mara?

Swali: Shikamoo kapteni. Nimetoka ndege ndogo za injini moja, sasa niko kozi ya jeti. Kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) tukiambiwa tutue kwa macho bila ILS, yaani mfumo wa redio unaoongoza ndege mpaka ranwei, kila mara najikuta niko juu na spidi haipungui. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Mikono yako haina shida, hesabu ndo unachelewa kuipiga. Ndege ndogo ukitoa pawa propela inakushika kama breki, jeti hamna kitu hicho, ni nzito na inateleza sana hewani, ukiinamisha pua ushuke spidi inapanda, ukiinua pua spidi ipungue hushuki. Ukitaka vyote viwili kwa pamoja itabidi utoe magurudumu na flapu (vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) mapema, na wengi mnaona aibu kutoa magurudumu mapema, msione.

Hesabu yenyewe rahisi: kila maili ya baharini iliyobaki mpaka ranwei unataka futi 300 juu ya uwanja. Maili 10 futi 3,000, maili 5 futi 1,500. Halafu chukua spidi ya ardhini zidisha kwa 5, noti 140 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) inakupa kushuka futi 700 kwa dakika, sasa ukiona unahitaji 1,300 ujue ulishachelewa muda mrefu. Ukiwa unaenda sambamba na ranwei kwenye futi 1,500, ukipita usawa wa mwanzo wake bonyeza saa, sekunde 45 hivi kama hamna upepo ndo ukate kona kurudi ranwei, upepo ukikusukuma kutoka nyuma kata mapema.

Macho nayo yanadanganya. Ranwei nyembamba kuliko uliyoizoea inakufanya ujione uko juu, unashuka zaidi kumbe ulikuwa sawa, na ranwei inayopanda mlima inafanya hivyo hivyo. Ndo maana ziangalie taa za PAPI, zile nne za pembeni mwa ranwei, nyeupe mbili nyekundu mbili uko kwenye njia sahihi ya kushukia. Usingoje mpaka zote ziwe nyekundu, ile ya tatu ikianza kugeuka pinki tayari inakwambia unazama.

Ila kinachonitisha mimi sio kuwa juu, ni kile mtu anachofanya akishagundua yuko juu. Anapunguza pawa mpaka mwisho, anaikamata njia, anafurahi, anasahau kwamba injini bado ziko aido, yaani pawa ya chini kabisa, na spidi inaendelea kuanguka. Injini ya jeti toka aido inachukua sekunde kadhaa kuamka, ukiwa futi 200 hizo sekunde huna. Tarehe 6 Julai 2013 San Francisco ndo ilivyokuwa kwa Boeing 777 ya Asiana, ILS haikuwa na mshale wa kushukia, ule unaoonyesha uko juu au chini ya njia, wakaanza juu wakaishia chini, autothroto (mtambo unaorekebisha pawa wenyewe) iko kwenye modi ya HOLD, ambayo haisogezi pawa, wao wanadhani inawashikia spidi, walitaka noti 137 ikafika kama 103, mkia ukagonga ukuta wa bahari na watu 3 wakafa.

Kwa hiyo ukikamata njia mkono ubaki kwenye pawa na uongeze pawa kabla spidi haijafika unayoitaka. Futi 500 kama spidi, flapu au pawa haijakaa sawa, paa tena, usibishane nayo. Na simuleta ijayo kabla ya kukata kona ya mwisho mtajie mwenzako kwa sauti maili ngapi zimebaki na futi ngapi unazo, ukishindwa kutaja hiyo kona usiikate.