Mlailaki Una Majani Tele Lakini Hauchanui? Uliza Mkasi

Ikifika Juni, Waswahili wenzangu tulio nao huku kaskazini mwa Marekani huanza kunitumia picha za vichaka vyao vya lailaki (lilac kwa Kiingereza). Kichaka kimestawi, kimepita kimo cha dirisha, majani mabichi kabisa, na ua halionekani hata moja. Jirani naye ana mlailaki mkongwe, haumwagilii wala haujali, na kila Mei unafunika uzio kwa maua ya zambarau yanayonukia mpaka barabarani. Basi wananiuliza watie mbolea gani. Mimi kabla ya mbolea huuliza: mkasi ulipita lini?

Wengi wetu tumekulia kwenye ua wa michongoma na bogenvilia. Mimea ile haina kinyongo. Ifyeke mwezi wowote, mvua ikinyesha itachipua kama vile haikuguswa. Mlailaki una kalenda yake na hauibadilishi kwa ajili ya mtu. Huchanua mara moja tu kwa mwaka. Hapa Rochester, jimbo la New York, ni Mei. Maua yakishanyauka, unatoa vitawi vipya, na kwenye ncha za vitawi hivyo unafunga matumba ya mwaka unaofuata, kiangazi hichohicho. Matumba hayo hukaa pale yamejifunga katika baridi yote. Anayepogoa Oktoba kwa nia ya kusafisha bustani, au Machi theluji inapoyeyuka, anakata maua ya Mei bila kujua. Akitaka kuhakikisha, atazame ncha za matawi wakati wa baridi: ataona matumba yamekaa mawilimawili. Yale manene ndiyo yenye maua ndani.

Kwa hiyo pogoa mara maua yanaponyauka, usipitishe wiki mbili tatu. Kata kichala kilichokauka, uishie juu ya jozi ya kwanza ya majani, kwa kuwa vitawi vipya vinatokea hapohapo chini yake. Na ukipenda maua ndani ya nyumba, umeshapata kisingizio: kila kichala unachokata kwa ajili ya chombo ni kupogoa kwa wakati unaofaa. Kata asubuhi, ondoa majani karibu yote, pasua ncha ya kijiti ili kinywe maji vizuri. Hata hivyo hayadumu zaidi ya siku chache. Kikuba, kile kishada cha maua ya kujipamba, msijaribu kabisa. Viua vyake vikitoka kwenye kijiti vinasinyaa upesi, havina ustahimilivu wa asumini.

Kichaka kikizeeka, maua yanapanda juu usikofika kuyanusa, chini kunabaki magogo matupu. Hapo mkasi hautoshi, chukua msumeno. Kila mwaka, maua yakiisha, ondoa theluthi moja ya mashina mazee na manene kabisa, uyakate usawa wa ardhi, na uache machipukizi machache yenye nguvu yashike nafasi zao. Baada ya miaka mitatu una kichaka kipya bila kukosa maua hata msimu mmoja. Wapo wanaokata chote kwa mpigo, kikabaki sentimita 20 kutoka ardhini. Hakifi, lakini utakaa miaka kadhaa ukitazama majani. Mimi sina subira hiyo.

Kama mkasi hauna kosa, sasa tuangalie jua. Mlailaki unataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Ukiwa chini ya mti mkubwa wa jirani utaishi, ila maua utayasikia kwa wengine. Udongo usituamishe maji, na usiwe na tindikali nyingi. pH ya 6.5 hadi 7 inaufaa, na kama kipimo kinaonyesha chini ya hapo, chokaa kidogo itasaidia. Mbolea ndiyo ya mwisho, na mara nyingi ndiyo inayoharibu. Ile inayomwagwa kwenye nyasi ina nitrojeni nyingi, na nitrojeni ikizidi mmea unashughulika na majani tu. Mboji kiasi kila majira ya machipuko inatosha. Na kama mche wako una mwaka mmoja au miwili, huna tatizo lolote, subiri. Kwa kawaida maua ya maana huanza baada ya miaka mitatu au minne.

Mwishoni mwa kiangazi majani hupakwa unga mweupe. Ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Unatia aibu mbele ya wageni lakini hauui mmea, sina haja ya kuupulizia dawa. Punguza matawi katikati ili upepo upite, inatosha.

Kabla ya kununua, nendeni mkanuse kwanza. Katika bustani ya Highland Park hapa Rochester, mtaalamu wa bustani John Dunbar alianza kupanda lailaki mwaka 1892 kwa aina 20. Leo kuna vichaka zaidi ya 1,200 vya aina zaidi ya 500, na kila Mei mji unafanya tamasha lake. Ukitembea pale utagundua kwamba harufu hazilingani hata kidogo. Mwenye uwanja mdogo aulizie aina iitwayo Miss Kim, haikui sana na ubwiri unga hauipendi. Aina ya kawaida inapita mita nne, msiibane ukutani.

Sasa nyinyi wa Mombasa, Dar na Muscat mnaoniomba niwaletee mche nikija likizo: sileti. Bila miezi ya baridi kali matumba hayafunguki vizuri, na joto la pwani litauchosha mmea bure. Hata hapa Marekani, ndugu wa Houston nimewakataza. Pandeni mwasumini, ambao uko katika ukoo mmoja na mlailaki, ukoo wa mzeituni. Uwekeni karibu na dirisha la chumba cha kulala, mahali penye jua la asubuhi.